Ndoo ya Mgeni

Nyumbani kwetu Newala, nyuma ya mlango,
ilikaa ndoo ya bati, kifuniko chake ungo mkuukuu.
Maji yake hayakuwa ya kupikia, hayakuwa ya kuoga,
hayakuwa yetu.
"Hayo ni ya anayekuja," mama alisema,
na hakuna aliyejua nani anakuja.

Tulikuwa sita. Maji yalipanda kutoka bondeni
juu ya vichwa vya wanawake, ukingo mzima,
tangu jogoo wa kwanza hadi jua la utosini.
Mimi nilioga kwa kikombe cha chai:
uso, makwapa, na miguu ijitegemee.
Na ndoo ile ipo pale, imejaa,
inanitazama kama mtu ninayemdai.

Kila Alhamisi Kuu padri alivua kasula
akawaosha miguu wazee kumi na wawili wa jumuiya
kwa maji ya uvuguvugu.
Mama alicheka hadi akajiziba mdomo kwa kanga:
"Chilindima kaisugua jana kwa jiwe na sabuni ya mche!
Padri anaosha miguu iliyokwisha takata."
Kisha akanyamaza, akasema taratibu,
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano:
"Hata hivyo, aliinama."

Mwaka wa njaa baba aliuza korosho
zikiwa hazijawa hata maua,
kwa Likwenya wa kangomba:
debe la unga kwa magunia mawili ya msimu.
Ule unga tuliula siku kumi na moja.
Msimu ulipofika tukaokota, tukaanika, tukachambua;
akaja na pikipiki, akabeba,
hata hodi hakusema.

Hodi aliisema mwaka uliofuata,
usiku wa manane, bila pikipiki,
homa inampepeta kama pumba,
kaufuata mlango wa kwanza wenye mwanga.
Baba aliitambua sauti, akazima koroboi.
Mama akaiwasha.

Sitasema uongo, hakuwa na uso wa malaika.
Alikuwa na uso wa mtu anayekamua blanketi.
Aliifunua ndoo, maji akayapasha nusu,
akamwosha yule mtu miguu, udongo mwekundu mpaka magotini,
akamtoa funza kwa pini aliyoichomoa kwenye gauni,
akamkorogea uji wa muhogo, bila sukari,
maana sukari yetu alikuwa nayo yeye.

Asubuhi niliuliza, koo kavu kwa hasira:
"Mama, unajua alichotufanyia?"
"Najua mpaka kilo."
"Sasa mbona?"
Akanipa ndoo tupu. "Twende bondeni. Jua linapanda."

Magunia hakurudisha, msidhani.
Alipona, akaenda zake,
tukasikia kafungua duka Tandahimba.

Leo naishi Mtwara mjini. Nina bomba,
la mgawo, lakini bomba.
Nina rozari ukutani, na jina langu
halijawahi kukosa kwenye daftari la zaka.
Jana saa nne usiku mtu aligonga geti:
mwanamke, mtoto mgongoni, karatasi ya rufaa ya Ligula,
na ndugu aliyemtegemea hapokei simu.
Nilimchungulia kwenye tundu.
Nikahesabu: shuka, chai, wizi, kile kikohozi cha mtoto,
kesho kazini saa moja na nusu.
Nilihesabu muda mrefu.
Naandika haya nisije nikasahau: muda mrefu.
Na yeye alikuwa amesimama tu,
akimhamisha mtoto bega hili, bega lile,
hakugonga mara ya pili.

Ndipo nikasikia harufu ya bati lenye maji,
nyuma ya mlango wangu, pasipo na ndoo.

Nikafungua.
"Karibu," nilisema, na neno likatoka na kutu,
kama maji ya kwanza ya bomba baada ya mgawo.
Nikaliacha litiririke kidogo.
Nikasema tena.